Klabu za kayaki Meru na Embu: Pa kuzitafuta, namna ya kujiunga na hatari za maji ya Tana

KIJANA wa Mbeere anayetaka kujiunga na timu ya kandanda hahitaji kuuliza njia. Kila soko lina uwanja wake, na kila uwanja una kocha, hata kama kocha mwenyewe ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye filimbi na mpira mmoja uliochakaa. Lakini kijana huyo huyo akisema anataka kujifunza kupiga kafi na kuendesha kayaki, wenzake watamtazama kwa mshangao, kisha mzee mmoja atamkumbusha kwamba mle majini mna mamba.

Mzee huyo hakosei. Hata hivyo, ni vigumu kupata eneo jingine la bara nchini Kenya lenye maji mengi kiasi hicho na wapiga kafi wachache kiasi hicho. Mpaka wa kusini wa Kaunti ya Embu ni Mto Tana, na juu ya mto huo serikali ilijenga msururu wa mabwawa yanayojulikana kwa jina la Seven Forks: Kindaruma lililokamilika mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Bwawa la Masinga pekee, likijaa, hufunika takriban kilomita 120 za mraba, na ndilo ziwa kubwa zaidi lililotengenezwa kwa mikono ya binadamu hapa nchini. Gitaru nalo, likiwa na uwezo wa megawati 225, ndicho kituo kikubwa zaidi cha umeme wa nguvu za maji nchini.

Kwa zaidi ya nusu karne maji hayo yamewasha taa za Nairobi. Kwa mwanakijiji wa Makima au wa Kiritiri yamekuwa mahali pa kuvulia samaki, pa kunyweshea mifugo, na mara nyingine pa kumtafuta mtoto aliyezama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2024 kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji kote duniani mwaka 2021, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa wakazi wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Ndiyo sababu suala la klabu ya kayaki katika kaunti hizi haliwezi kuchukuliwa kuwa la starehe tu. Klabu inayostahili jina hilo huwa shule ya maji kwanza, na burudani baadaye.

KAFI SI KASIA

Kabla ya kutafuta klabu, ni vyema mtu ajue anatafuta nini, kwa kuwa maneno haya huchanganywa hata katika matangazo rasmi. Kasia hufungwa ubavuni mwa chombo, na mpigaji hukaa akiipa mgongo njia anakoelekea. Huo ndio mchezo wa makasia. Kafi haifungwi popote. Hushikwa mikononi, na mpigaji hutazama mbele. Wavuvi wa pwani na wa maziwa makuu wamepiga kafi tangu enzi za mababu bila kuuita mchezo.

Katika mchezo wa kafi mna vyombo viwili vikuu. Mtumbwi wa michezo huendeshwa kwa kafi yenye bapa upande mmoja, aghalabu mpigaji akiwa amepiga goti. Kayaki huendeshwa kwa kafi yenye bapa pande zote mbili, naye mpigaji hukaa akiwa amenyoosha miguu. Asili ya kayaki ni kwa Wainuti wa Greenland na nchi nyingine za barafu, ambao walikitengeneza chombo hicho kwa ngozi ya sili ili kuwindia baharini. Siku hizi nyingi hufinyangwa kwa plastiki ngumu. Kuna za kuketi ndani, ambazo mpigaji hujifunga kiunoni kwa kitambaa kisichopitisha maji, na kuna za kuketi juu, ambazo zikipinduka mtu huanguka tu na kupanda tena. Anayeanza katika bwawa tulivu na akiulizwa achague, achague ya kuketi juu.

Mashindano ya mbio katika maji tulivu yaliingia rasmi katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1936. Yale ya kupita kati ya milingoti katika maji ya kasi yalifanyika mara ya kwanza katika Michezo ya Munich ya mwaka 1972, kisha yakarejeshwa mwaka 1992.

Wapo wanaodai kwamba watu wa bara, hasa wa milimani, hawana uhusiano na maji. Masimulizi ya Wameru yenyewe yanapinga dai hilo. Husimuliwa kwamba mababu zao walitoroka utumwani katika kisiwa cha Mbwaa, huko pwani, wakavuka bahari iliyopasuliwa njia. Waliovuka usiku wakawa ukoo wa weusi, wa alfajiri ukoo wa wekundu, na wa mchana ukoo wa weupe. Ni kweli kwamba walivuka kwa miguu wala si kwa mtumbwi. Lakini jamii ambayo historia yake inaanzia ukingoni mwa maji haiwezi kuambiwa kwamba maji ni ya wageni.

SAGANA NDIKO KWENYE WALIMU

Kwa mkazi wa Embu na Meru, mahali pa karibu zaidi pa kupata mafunzo ya kweli pako nje ya kaunti zote mbili: Sagana, penye mpaka wa Kirinyaga na Murang'a. Jina la mji huo ni lile lile la mto, kwani jamii za eneo hilo huuita Tana kwa jina la Thagana. Hapo mto bado haujafika katika bwawa la Masinga. Huteremka juu ya mawe, ukitulia hapa na kuchacha pale, hali inayowafaa wanaoanza na wazoefu kwa pamoja.

Kampuni ya Savage Wilderness, iliyoanzishwa na Mark Savage, ndiyo iliyoutangaza mto huo kwa mchezo wa kuteremka maji ya kasi kwa maboti ya mpira, na imekuwa ikifundisha kayaki pia. Kambi nyingine zimeibuka kandokando ya mto baada yake. Kutoka mjini Embu msafiri hupitia Makutano ya Mwea, safari inayowezekana kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Anayetoka mjini Meru, kwa barabara ya Chuka na Runyenjes, afadhali ajiandae kulala.

Hapa pana jambo ambalo wageni wengi hawalielewi. Kulipia siku moja ya kuteremka mto kwa boti la mpira hakumfanyi mtu kuwa mpiga kafi. Katika boti hilo nahodha ndiye anayefikiri, na abiria hutii amri: piga mbele, piga nyuma, lala chini. Katika kayaki mtu yu peke yake. Kwa hivyo anayenuia kujiunga na mchezo huu aombe kozi badala ya matembezi, na aulize kozi hiyo inachukua siku ngapi na inafundisha nini.

Kozi nzuri huanza katika maji yaliyotulia, kama si kwenye bwawa la kuogelea. Mwanafunzi hufundishwa kwanza kutoka ndani ya kayaki iliyopinduka bila kutaharuki. Wengi hudhani kwamba watanaswa humo. Wakishafanya mara tatu hofu hiyo huisha. Baadaye hujifunza kujiinua na chombo chake kwa kiuno na kafi pasipo kutoka, mbinu ambayo Wainuti waliibuni kwa kuwa katika bahari yao ya barafu aliyetoka chomboni hakuwa na muda mrefu wa kuishi. Kisha hufundishwa kurusha kamba ya uokoaji na kuipokea.

Somo jingine ni namna ya kuogelea katika maji ya kasi. Anayeanguka hulala chali, miguu ikitangulia na ikielea juu, ili iyapokee mawe badala ya kichwa. Kusimama katika mkondo wenye nguvu ni kosa kubwa, hata maji yakiwa ya magotini. Mguu ukinaswa kati ya mawe mawili, mkondo humsukuma mtu kifudifudi na kumshikilia hapo. Wapo walioaga dunia kwa njia hiyo katika mito ya nchi mbalimbali ilhali kina cha maji hakikufika kifuani mwao.

Maji ya kasi hupimwa kwa madaraja, kuanzia la 1 ambalo ni mkondo mwepesi hadi la 6 ambalo ni la kuhatarisha maisha hata ya bingwa. Mkufunzi asiyeweza kumwambia mwanafunzi wake kwamba kipande fulani cha mto ni cha daraja gani, na kwamba daraja hilo hubadilika mvua ikinyesha, hafai kufuatwa majini.

MABWAWA YA EMBU YANA WENYEWE

Baada ya Sagana, mpiga kafi wa Embu anaweza kurejea nyumbani kufanyia mazoezi katika maji tulivu. Masinga ni pana, na karibu na bwawa hilo kuna hoteli ya Mamlaka ya Ustawi wa Mito ya Tana na Athi (TARDA), asasi iliyoundwa mwaka 1974. Kamburu, ambako Mto Thiba hukutana na Tana, limepakana na Hifadhi ya Taifa ya Mwea, eneo la kilomita za mraba zipatazo 42 linalohifadhi ndovu, twiga, nyati na viboko. Barabara ya kutoka Embu kwenda Kangonde kupitia Kiritiri huwafikisha wasafiri karibu kabisa na maji.

Lakini maji hayo hayaingiwi ovyo. Mitambo na kuta ni za kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen, na sehemu zilizo karibu na milango ya kuingizia maji katika mitambo na njia za kumwagia maji ya ziada ni marufuku kwa chombo chochote. Ndani ya hifadhi, mwenye mamlaka ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), nalo hutoza ada ya kiingilio na kuamua nani ataingia majini na akiwa na nani. Usalama wa vyombo vya majini, baharini na bara, ni jukumu la Mamlaka ya Usafiri wa Majini (KMA), iliyopata sheria yake mwaka 2006. Nao wavuvi wana vikundi vyao vya kusimamia fuo, ambavyo kisheria vinatambuliwa, na nyavu zao haziandikwi kwenye ramani yoyote.

Pengine wavuvi hao ndio wa kwanza kuonwa. Mvuvi aliyekulia Masinga anajua upepo huamka saa ngapi, viboko hulala wapi na kisiki gani hujitokeza maji yakipungua. Klabu inayofika na kayaki za rangi za kupendeza, ikapita juu ya nyavu za watu na kuondoka bila salamu, haitakaribishwa mara ya pili, na siku ya dhiki haitapata wa kuisaidia.

Maji ya bwawa pia hayakai mahali pamoja. Kiwango cha Masinga likijaa ni mita 1,056.5 kutoka usawa wa bahari, na likifika hapo maji hufurika yenyewe kuelekea mabwawa ya chini. Ndivyo ilivyokuwa katika mvua za masika za mwaka 2018, 2020 na 2024, wakati wakazi wa bondeni hadi Garissa na Tana River walipotahadharishwa wahame. Kinyume chake, mwaka 2009 ukame ulishusha maji kiasi cha kuilazimu KenGen kukifunga kituo cha Masinga kwa muda. Ufuo uliokuwa na mchanga mwaka mmoja huweza kuwa shamba la matope mwaka unaofuata, na mtu akakwama humo hadi mapajani.

Hatari iliyofichika zaidi ni ile ya chini ya kuta. Mitambo ya umeme huongezewa maji kulingana na mahitaji ya nchi, na mahitaji hayo hupanda jioni, watu wanaporejea nyumbani na kuwasha taa na majiko. Kwa hiyo mto ulioonekana kuwa mtulivu saa tisa alasiri huweza kupanda ghafla jioni hiyo bila tone la mvua kuanguka. Aliyepiga hema kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto atagutuka kukiwa hakuna kisiwa. Hata juu ya mabwawa, mito inayotoka Mlima Kenya huweza kufurika usiku kwa mvua iliyonyesha mlimani huku Mbeere kukiwa kukavu.

Kuhusu wanyama, wengi huogopa mamba na kumdharau kiboko. Wote wawili ni wa kuogopwa. Kiboko hutoka majini magharibi ikiingia kwenda malishoni na hurudi kabla ya jua kuchomoza vizuri. Anayekatiza njia yake ya kurudi majini hana wa kumlaumu. Mchana hukaa katika maji ya kina kifupi, na akikaribiwa huzama na kuibuka asikotarajiwa. Mpiga kafi hupita mbali na matete, huacha nafasi pana, na kamwe hapiti kati ya kiboko na kina cha maji. Katika sehemu zinazojulikana kuwa na mamba, swali la kuogelea kando ya kayaki halipo.

Tena kuna mdudu asiyeonekana. Ugonjwa wa kichocho, unaoenezwa na konokono wa maji baridi, umejulikana kwa miaka mingi katika mashamba ya mpunga ya Mwea, ambayo hutumia maji ya mito ya Thiba na Nyamindi. Anayeingia mara kwa mara katika maji yaliyotuama apimwe hospitalini. Dawa yake, prazikwantel, hupatikana na hutibu.

UPANDE WA MERU

Meru ina mito mingi lakini michache ya kuchezea. Kathita, inayopita mjini Meru, pamoja na Thingithu na Mutonga, hushuka kutoka Mlima Kenya kwa mteremko mkali, katika makorongo membamba yenye miti iliyoanguka. Mti ulioziba mkondo ni mtego: maji hupita kati ya matawi, mtu hapiti. Mito hiyo si ya mwanafunzi.

Upande wa mashariki, Tana ndiyo mpaka wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Meru, iliyotangazwa mwaka 1966, na huitenganisha na Kora, alikouawa George Adamson mwaka 1989. Mandhari ya maporomoko yaliyopewa jina lake hayasahauliki, lakini ni ya kutazamwa kutoka darajani. Mto katika eneo hilo una mamba wengi, msaada uko mbali, na hakuna anayeingia bila kibali cha KWS na walinzi wake.

Yako pia maziwa madogo. Rutundu, lililo zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari katika mteremko wa kaskazini wa mlima, limezoewa na wavuvi wa samaki aina ya trauti. Ndiko Mwanamfalme William wa Uingereza alikomchumbia Kate Middleton mwaka 2010. Maji yake ni baridi kiasi cha kumpooza mwogeleaji hodari kwa dakika chache. Ziwa Nkunga, katika msitu wa Imenti karibu na mji wa Meru, linaheshimiwa na wenyeji kuwa mahali patakatifu. Huko si mahali pa kupeleka kayaki, na klabu yenye adabu haihitaji kuambiwa mara mbili.

Kwa hivyo mkazi wa Meru hana budi kufanya mambo mawili: kujifunza kuogelea nyumbani, na kusafiri kwa ajili ya maji. Mabwawa ya kuogelea yapo katika hoteli kadhaa za mji wa Meru, na hata mara moja kwa juma yanatosha kumtoa mtu katika hofu. Kigezo ambacho wakufunzi wengi hukubaliana nacho ni mtu aweze kuogelea mita 50 akiwa na nguo, kisha aelee kwa dakika kadhaa bila kushika kitu. Jaketi la kuokoa maisha si mbadala wa kuogelea. Humweka mtu juu; halimfikishi ufuoni.

MASWALI KABLA YA KULIPA ADA

Kikundi chochote kinachojiita klabu kinapaswa kujibu maswali ya mgeni bila kuudhika. Je, kimesajiliwa wapi? Mkufunzi wake alifunzwa na nani, na cheti chake cha huduma ya kwanza ni cha mwaka gani? Anawatazama wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja? Kuna jaketi la kila mtu, linalomtosha, lenye kufungwa, na kofia ngumu kwa wanaokwenda mtoni? Bima inalipa nini? Mwenye umri wa chini ya miaka 18 anadaiwa idhini ya mzazi kwa maandishi? Nani hubaki nchi kavu akiwa na simu na orodha ya walioingia majini?

Swali hili la mwisho huonekana dogo. Kumbe ndilo linalotofautisha klabu na genge la marafiki. Watu kumi wakiingia majini na tisa wakatoka, lazima awepo mmoja anayejua hesabu hiyo wakati huo huo, wala si jioni watu wanapokusanya viatu vyao.

Ada nayo idaiwe kwa orodha iliyoandikwa, ikitenganisha ya uanachama, ya kukodi vyombo, ya kozi na ya kiingilio cha hifadhi. Mgeni anaweza kuomba kuhudhuria siku moja kama mtazamaji. Akiona mkufunzi mwenyewe hajavaa jaketi, arudi nyumbani na fedha zake.

Kwa anayetaka kushindana, mchezo huu husimamiwa kitaifa na chama cha makasia na mitumbwi, ambacho nguvu zake ziko Mombasa. Ni upande wa makasia ulioipeleka Kenya mbali zaidi. Matthew Lidaywa Mwange alishiriki Olimpiki ya London mwaka 2012, naye Asiya Mohamed Sururu, aliyepoteza miguu yote miwili katika ajali ya treni akiwa mtoto mdogo, alishindana katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Mfano wa Asiya unastahili kuzingatiwa na wanaounda klabu, kwa kuwa chombo cha majini humpa mtu asiyeweza kutembea uhuru ambao uwanja wa kandanda haumpi.

Kwa maji ya kasi, Afrika Mashariki hutazama Jinja, Uganda, ambako Mto Nile umewalea waendeshaji kayaki mahiri. Hata huko mambo yamebadilika. Maporomoko ya Bujagali yalifunikwa na bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012, na bwawa la Isimba la mwaka 2019 likameza sehemu nyingine. Sagana inasalia juu ya Masinga, na thamani yake kwa mchezo huu huongezeka kila mkondo mwingine unapogeuzwa ziwa.

KUANZISHA YA NYUMBANI

Wanaochoka kusafiri wanaweza kuunda klabu yao. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inataka kila shirika la michezo, kuanzia klabu ya mashinani hadi chama cha kitaifa, lisajiliwe na Msajili wa Michezo. Katiba ya klabu lazima ieleze namna ya kuchagua viongozi, kutunza fedha na kusuluhisha migogoro. Kikundi ambacho hakijafikia hapo kinaweza kuanza chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, inayohitaji wanachama wasiopungua 10, kikiwa na uwezo wa kufungua akaunti ya benki na kuandika barua zinazojibiwa.

Vyuo vikuu ndivyo vyenye nafasi nzuri zaidi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru na cha Chuka vilipata hati zao mwaka 2013, na cha Embu mwaka 2016. Vyote vina vijana, mabasi, na afisi za kusimamia michezo ya wanafunzi. Shule za sekondari nazo zina mpango wa Tuzo ya Rais, ulioanza nchini mwaka 1966 kwa vijana wa miaka 14 hadi 24. Safari ambayo kila mshiriki hudaiwa kuifanya si lazima iwe ya kupanda mlima, kwani taratibu za tuzo hiyo huruhusu ifanywe kwa chombo cha majini chini ya msimamizi aliyehitimu.

Kosa la kawaida ni kuanza kwa kununua vyombo. Kayaki nne zikiwa ghalani na watu 20 wasiojua kuogelea wakiwa ukingoni, klabu hiyo inangoja msiba au inangoja kufa. Mpangilio unaofaa ni watu kwanza, bwawa la kuogelea la pili, wawili au watatu waliotumwa Sagana kufunzwa ukufunzi la tatu, kisha barua kwa KenGen, KWS na wavuvi, na vyombo mwisho. Barua hizo zitaje siku, saa, mahali pa kuingilia majini, mahali pa kutokea na jina la anayesimamia.

Kalenda nayo ina neno. Masika huanza Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba, na katika miezi hiyo mito ya Mlima Kenya hubeba matope, magogo na maji yasiyotabirika. Mwenye kuanza kuogelea mwezi Juni na kuhudhuria kozi ya Sagana kati ya Agosti na Septemba atatumia vuli kurudia mazoezi ya kujigeuza katika bwawa la kuogelea, na Januari atakuwa tayari kwa Kamburu, akiingia majini saa mbili asubuhi baada ya viboko kutulia na kutoka kabla ya saa tano, upepo wa Mbeere unapoanza kuyapandisha mawimbi.